Sura ya Sita: Wiki ya Matokeo

Matokeo hayabandikwi tena ukutani. Zamani mwanafunzi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikwenda kwenye ubao wa matangazo wa kitivo chake, akasukumana na wenzake, akatafuta namba yake kwa kidole, na akiikuta mahali pabaya walau palikuwa na mtu pembeni wa kumshika bega. Siku hizi yanapandishwa kwenye mfumo wa chuo wa mtandaoni. Mara nyingi habari inasambaa usiku: mmoja anaandika kwenye grupu la darasa la WhatsApp, "Wakuu, yametoka," na hosteli nzima inainuka. Mtandao unaelemewa, ukurasa unazunguka bila kufunguka, watu wanazima data na kuiwasha. Baadaye kelele za furaha zinaanza chumba hiki na kile, na anayepiga kelele hajui kwamba kwenye kitanda cha juu yake kuna mtu amegeukia ukutani, simu inammulika usoni, hasemi kitu.

Anachokisoma huyo wa kitanda cha juu kina majina ambayo kila mwanafunzi wa Tanzania anayajua. Ukifeli somo moja au mawili una sapu, utarudia mtihani. Sapu nayo ikikushinda unaweza kukeri, ukalibeba somo hadi mwaka unaofuata. Wastani wako, yaani GPA, ukishuka chini ya kiwango, umedisko: masomo basi, mkopo basi, kitanda ukiachie. Kwenye mfumo jambo lote hilo ni neno moja. Hakuna aliyekuita ofisini kukwambia, na hakuna aliyekuuliza kama una nauli ya kurudi kwenu.

Sura hii inawahusu wanafunzi wa vyuo vikuu wanaofika mahali pa kuwaza kujiua. Nitakayoyasema mengi yanajulikana kwa madaktari. Ninalotaka mimi kulisisitiza ni la kiofisi zaidi kuliko la kitabibu: nyakati za hatari kwa mwanafunzi zinajulikana mapema, zimeandikwa kwenye kalenda ya chuo, na orodha ya watakaopata pigo kubwa inapita mbele ya Seneti kabla wenyewe hawajaiona. Chuo kinajua ni nani na kinajua ni lini. Mara nyingi hakifanyi chochote na ujuzi huo.

Niweke angalizo hapa hapa. Wengi mno wanaodisko hawajidhuru. Wanalia, wanarudi nyumbani, wanaomba upya chuo kingine, wengine wanafungua duka na kusahau. Mtu hafikii kujiua kwa sababu moja. Kwa kawaida pana ugonjwa chini yake, sonona hasa, ambao umekuwepo kwa miezi bila jina, halafu linakuja tukio juu yake. Na si waliofeli peke yao. Mwaka 2016 jarida la JAMA lilichapisha majumuisho ya tafiti kuhusu wanafunzi wa udaktari, watu ambao kwa vipimo vya kawaida wamefaulu kuliko wote. Zaidi ya robo yao walikuwa na dalili za sonona, na takriban 11 katika kila 100 walikuwa wamewaza kujiua.

Lakini ili uelewe kwa nini neno moja kwenye simu linaweza kumwangusha kijana wa miaka ishirini na moja, inabidi uanzie kwao.

Alisoma shule ya kata. Kidato cha nne walifaulu wachache, yeye akiwa juu yao wote. Akapelekwa bweni mkoa mwingine, akatoka kidato cha sita na daraja la kwanza, akaenda JKT, akarudi amekonda na amenyooka. Jina lilipotokea kwenye orodha ya chuo, mchungaji alilitangaza kanisani, au imamu aliwaomba watu wamwombee dua. Mjomba akauza ng'ombe. Mama akakopa kwenye kikoba. Kuanzia siku hiyo ana cheo nyumbani: "msomi wetu". Kukiwa na barua ya serikali ya kusomwa, inamngoja yeye likizo. Wadogo zake wanaambiwa kila wakipata alama mbaya, "Mwangalie kaka yako." Hajaanza hata kipindi cha kwanza, na tayari kuna watu sita wanaopanga maisha yao kwa kutazama mshahara wake.

Anafika chuoni anakuta kila mtu alikuwa kipanga kwao. Ukumbi una watu mia tatu, mhadhiri anaongea Kiingereza cha haraka, na jaribio la kwanza linarudi na alama ambayo hajawahi kuiona kwenye karatasi yenye jina lake. Herbert Marsh, mtafiti aliyefanya kazi yake nyingi Australia, amelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1980: wanafunzi wawili wenye uwezo sawa, yule anayesoma kati ya wenzake wakali hujiona dhaifu kuliko yule anayesoma kati ya wa kawaida. Uwezo haujapungua. Kilichobadilika ni watu wa kujilinganisha nao. Kijana wetu hana habari na Marsh. Anachoona ni kwamba amegundulika.

Tena hajawahi kufeli. Watu hudhani hilo ni jambo jema, na wazazi hujisifu nalo. Kumbe aliyefeli hesabu darasa la tano akachapwa, akarudia, akafaulu, anajua kwa mwili wake kwamba kufeli kuna upande wa pili. Kipanga hajui.

Wapo wanaodisko wasiondoke. Kila hosteli kubwa ina hadithi hizi na wanafunzi wenyewe wanazijua. Kitanda kimechukuliwa, kwa hiyo anabebwa na rafiki, wawili kwenye godoro la mmoja. Asubuhi anavaa begi, anatoka na wenzake, anakwenda kukaa maktaba. Mama akipiga simu anajibu kwa haraka, "Shikamoo mama, naingia kipindi, nitakupigia." Baba bado anatuma hela ya matumizi, mara elfu ishirini, mara kumi na tano. Mwaka unapita. Nyumbani wameanza kuuliza mahafali ni mwezi gani, maana wanataka kukodi Hiace waje wote, bibi pia. Huo ni uongo wenye tarehe ya mwisho, na kila siku inayopita unakuwa mgumu zaidi kuuvua. Nikiulizwa ni mwanafunzi gani anayenitia hofu kuliko wote, ni huyu, kwa sababu kwenye orodha zote za chuo ameshafutwa na nyumbani hakuna anayejua.

Thomas Joiner, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2005 kwamba hamu ya kufa hukua pale hisia mbili zinapokutana: kujiona huna watu wa kwako, na kujiona mzigo kwa watu ulio nao. Ya pili ndiyo inayowala vijana wetu. Mwanafunzi anapiga hesabu: shamba liliuzwa kwa ajili yangu, mdogo wangu alihamishwa shule kwa ajili yangu, yote nimeyamwaga, nikiondoka watapumua. Ni hesabu ya uongo, na anayeipiga ni ugonjwa. Muulize mzazi yeyote aliyezika mtoto kama angechagua GPA.

Takwimu sitazirundika. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 zaidi ya watu 720,000 duniani walikufa kwa kujiua, na kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29 hiyo ilikuwa sababu ya tatu ya vifo. Ronald Kessler na wenzake walionyesha mwaka 2005, kwa data za Marekani, kwamba nusu ya magonjwa ya akili ya maisha yote huwa yameanza kufikia umri wa miaka 14, na robo tatu kufikia 24. Maana yake chuo kikuu kinampokea mtu katika miaka ile ile ambayo magonjwa haya hujitokeza, hata kama chuo kingekuwa peponi. Utafiti mkubwa wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika nchi nane, Afrika Kusini ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta takriban mmoja kati ya watatu amewahi kuwa na angalau ugonjwa mmoja wa akili miongoni mwa yale ya kawaida. Theluthi moja! Kwenye ukumbi wa watu mia tatu, hao ni watu mia.

Watu mia hao huwaoni, kwa sababu hawaji wakisema "nina sonona". Wanakwenda zahanati ya chuo na kichwa. Kichwa kizito, moyo unaenda mbio, tumbo limejaa, usingizi hauji au hauishi. Wanapimwa malaria, haipo. Wanapimwa taifodi na UTI, na siku hizi sijui nani Dar es Salaam hupimwa UTI akakosa. Wanapewa dawa za siku tano, wanarudi chumbani. Wiki mbili baadaye wako tena kwenye benchi lile lile. Tabibu anayemwona kijana kwa mara ya tatu na vipimo visivyosema kitu angefaa aweke kalamu chini aulize habari za usingizi, za chakula, na ni lini mara ya mwisho alifurahia jambo. Ni maswali ya dakika tatu.

Chumbani dalili huonekana kabla ya zahanati. Aliyekuwa anashabikia Simba mpaka sauti inakauka sasa mechi ikiwekwa anatoka nje. Haogi. Amejitoa kwenye magrupu. Anagawa vitu: chukua hii feni, chukua haya madesa, sitayahitaji. Anaomba msamaha kwa mambo ya mwaka juzi. Au kinyume chake, aliyekuwa amezama wiki nzima anaamka ametulia ghafla, na wenzake wanashusha pumzi wakidhani amepona. Utulivu wa namna hiyo, bila sababu inayoeleweka, ni wa kuuliziwa siku hiyo hiyo.

Upande wa pesa nitaupita haraka, ingawa wanafunzi wenyewe wangeuanza. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na bila mikopo yake nusu ya vijana ninaowazungumzia wasingekanyaga chuoni. Fedha ya kujikimu ni shilingi 10,000 kwa siku, ikitolewa kwa mkupuo, ndiyo bumu. Bumu likiingia ni sherehe. Likichelewa watu wanaishi kwa mihogo na maji. Katikati hapo ndipo mkeka wa kubeti unapoingia: kijana mwenye laki tano na njaa ya wiki tatu zijazo anaamini timu nane zitashinda Jumamosi. Na mkeka ukichanika ipo mikopo ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Malalamiko makubwa yalikuwa kwamba ukichelewesha rejesho wanawapigia watu waliomo kwenye simu yako. Fikiria basi: anayeficha deni la elfu themanini, na simu inaita kwa mama yake mzazi.

Turudi kwenye kitanda cha juu, maana pale ndipo mtu anaweza kufanya kitu usiku huu.

Jambo la kwanza la kulijua ni kwamba hali ile hupita. Mwaka 1978 Richard Seiden wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha ufuatiliaji wa watu 515 waliokuwa wamezuiliwa kujiua mahali pamoja jijini San Francisco, kati ya mwaka 1937 na 1971. Karibu 94 katika kila 100 walikuwa bado hai au walikuwa wamekufa kwa maradhi ya kawaida. Watu hudhani aliyedhamiria atafanya tu, leo au kesho. Sivyo. Dhamira hupanda na kushuka, na kilele chake huwa kifupi, mara nyingi ni saa chache. Ukimvusha mtu kwenye saa hizo umempa nafasi ya kutibiwa. Ndiyo sababu pia kuondoa vitu vya hatari karibu naye kunaokoa maisha hata kama hujamtibu chochote. Sri Lanka ilipiga marufuku hatua kwa hatua viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, na kiwango cha kujiua nchini humo kikashuka kwa takriban asilimia 70 kutoka kilele cha miaka ya 1990. Wakulima hawakuwa wamepungukiwa shida.

Jambo la pili ni kuuliza. Hofu ya watu wengi ni kwamba ukimtajia mtu kujiua utakuwa umemtia wazo. Madelyn Gould na wenzake walilipima hilo kwa wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari katika jimbo la New York, matokeo yakachapishwa mwaka 2005: walioulizwa hawakuzidi kuwaza kujiua kuliko wasioulizwa, na waliokuwa na sonona walionekana kupata nafuu kidogo kwa kuulizwa. Kwa hiyo uliza, na uulize kwa neno lenyewe. "Usifanye ujinga" si swali. "Hufikirii mambo mabaya, eti?" ni swali linaloomba jibu la hapana.

Mwenza wa chumba anaweza kusema hivi, wakiwa wawili tu, taa ikiwa imezimwa kama inasaidia:

"Mwanangu, siku ya tatu hii hulali. Na jana umempa Juma feni yako. Nikuulize kitu bila kuzunguka: unawaza kujiua?"

Kisha anyamaze. Kimya kitakuwa kirefu, asikijaze kwa mahubiri. Jibu likija, iwe "sijui", iwe "wakati mwingine", iwe kilio, kazi yake si kubishana wala kutaja watu wenye shida kubwa zaidi, wala kumwambia kwamba ni dhambi. Analijua hilo, na huenda ndiyo sehemu ya mzigo wake. Kazi yake ni kusema "Asante kwa kuniambia," na kuuliza linalofuata: "Umeshapanga namna? Kuna kitu umekiweka?" Kama jibu ni ndiyo, asimwache peke yake hata kwenda chooni, kitu hicho kiondolewe chumbani, na waende hospitali usiku huo huo, wawili au watatu, kwa bodaboda au kwa gari la chuo. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili. Muhimbili ina idara yake, Dodoma kuna Mirembe. Walioko Kenya wanaweza kupiga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu, au kuwatafuta Befrienders Kenya. Na asikubali kuapishwa siri. "Sitamwambia kila mtu, ila siwezi kulibeba hili peke yangu, nitamwambia mtu mmoja wa kutusaidia" ni jibu la kweli na linatosha.

Mchungaji au sheikh akitakiwa, aitwe. Nimewaona viongozi wa dini wakifanya kazi kubwa kuliko washauri wenye vyeti, hasa wanaojua mahali pa kuishia na kusema "sasa twende tukamwone daktari, mimi nakusindikiza". Anayesema dawa ziachwe kwa sababu ya maombi ndiye wa kukataliwa.

Kukikucha, mtaalamu atamsaidia mwanafunzi kuandika karatasi moja ya mpango wa usalama. Barbara Stanley na Gregory Brown, Wamarekani, ndio walioitengeneza, na utafiti wa mwaka 2018 katika vitengo vya dharura vya hospitali za maveterani uliona vitendo vya kujidhuru au kujiua vikipungua karibu nusu kwa walioandikishwa karatasi hiyo na kupigiwa simu baadaye. Haina falsafa. Ya mwanafunzi wa Dar es Salaam ingeweza kusomeka: Najua inaanza nikizima simu na kulala mchana. Ikianza, naoga, natembea hadi Mwenge na kurudi. Isipopungua, naenda kukaa kibandani kwa mama ntilie, pale kuna watu na hawaniulizi GPA. Halafu nampigia dada Neema. Halafu nampigia mshauri, namba hii. Dawa zangu anazitunza mwenzangu, ananipa za siku moja moja. Inakunjwa, inakaa kwenye kava la simu.

Kuna kizuizi kimoja ambacho mwenza wa chumba hawezi kukiondoa. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Tulikirithi kwa Waingereza, ambao wao wenyewe walikifuta kwao mwaka 1961. Kenya walikuwa na ndugu yake, kifungu cha 226, na tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitangaza kuwa kinakwenda kinyume na katiba. Ghana walibadilisha sheria yao mwaka 2023. Watetezi wa kifungu hiki husema kinatisha watu wasijaribu. Mtu ambaye haogopi kufa ataogopa polisi? Anayeogopa polisi ni rafiki yake anayesitasita kumpeleka hospitali, na mzazi anayemwambia daktari kwamba mtoto "alikosea dozi". Daktari anatibu kilichoandikwa, kijana anarudishwa chumbani, na jeraha lenyewe halijaguswa.

Na ikitokea msiba, chuo kina kazi nyingine, kwa sababu habari za kifo namna hii zinaweza kumvuta mwingine aliyekuwa ukingoni. Mjini Vienna magazeti yalizoea kuviandika vifo hivi kwa vichwa vikubwa na maelezo ya hatua kwa hatua. Mwaka 1987 yalikubali mwongozo wa wataalamu, yakapunguza sauti, na vifo vya aina ile viliporomoka kwa haraka. Vyuoni gazeti letu ni WhatsApp. Picha inasambaa kabla mwili haujaondolewa, barua ya marehemu inapigwa picha na kusomwa Morogoro na Mwanza, na kila mtu ana tafsiri: mapenzi, mkopo, sapu. Serikali ya wanafunzi ndiyo inayoweza kulizuia hili, kuliko utawala, kwa sababu viongozi wake wamo ndani ya magrupu hayo. Tangazo liseme jina kama familia imeridhia, liseme mazishi ni wapi, liseme ofisi gani iko wazi usiku huu kwa anayehitaji mtu. Namna ya kifo isitajwe. Wenza wa chumba cha marehemu wahamishwe chumba siku hiyo hiyo, na mtu awe nao wiki nzima, maana watasahauliwa mapema kuliko wote.

Sasa nirudi kwenye lile neno moja la kwenye mfumo, ila nianzie mbali kidogo.

Jerome Motto alikuwa daktari wa akili San Francisco. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa askari, na msichana mmoja aliyekutana naye alikuwa akimwandikia barua. Hazikuwa na jambo kubwa, ila aliona zinavyomsaidia. Miaka mingi baadaye alitaka kujua kama barua za namna hiyo zingewasaidia watu waliolazwa kwa sababu ya sonona au kutaka kujiua, kisha wakakataa au wakaacha matibabu, wale ambao hospitali huwanyanyulia mikono. Walikuwa 843. Kwa kura, karibu nusu yao wakawa wanaandikiwa: kila mwezi kwa miezi minne, kisha kila miezi miwili, kisha kila miezi mitatu, barua 24 katika miaka mitano. Zilikuwa fupi mno, za mistari miwili mitatu. Zilimjulia hali mtu, zikamwambia kuwa akitaka kuandika watafurahi kupata habari zake. Hazikumdai chochote, hazikumkumbusha miadi. Katika miaka miwili ya kwanza, ambayo huwa ya hatari kuliko yote, walioandikiwa walijiua wachache kuliko wasioandikiwa.

Ninapousoma utafiti ule nafikiria ofisi zetu za Mshauri wa Wanafunzi. Wafanyakazi wachache, wanafunzi maelfu, na kila mwaka mtu anasema tunahitaji wanasaikolojia hamsini. Tunawahitaji kweli, na hatutawapata mwaka huu. Lakini Seneti ikishakaa, orodha ya waliodisko ipo mezani, na si ndefu kiasi cha kushinda wahadhiri ishirini wakigawana. Matokeo yanaweza kupandishwa Jumanne asubuhi badala ya Ijumaa usiku, ofisi zikiwa wazi. Na saa moja kabla, kila aliyeko kwenye orodha apokee barua kwa simu yake, kwa Kiswahili, yenye jina lake:

"Ndugu yetu, leo utaona kwenye mfumo kwamba hutaendelea na masomo mwaka huu. Tumetaka ulisikie kwanza kutoka kwa mtu. Kitanda chako ni chako hadi mwisho wa mwezi. Unaweza kukata rufaa kabla ya tarehe 15, na unaweza kuomba kudahiliwa upya. Karatasi zote mbili nitakusaidia kuzijaza. Kama hujui utawaambiaje nyumbani, njoo tupige simu tukiwa wote hapa ofisini, nitaanza mimi kuongea. Kama unawaza kujiua, niambie. Sitaita polisi, nitakaa na wewe. Nitakupigia Alhamisi saa nne asubuhi, hata usipojibu ujumbe huu."

Chini yake jina la mhadhiri na namba yake mwenyewe. Mwezi unaofuata ujumbe mwingine wa mistari miwili, na mwingine baada ya miezi miwili, hadi mwaka uishe, ukimfuata Tandahimba au Kasulu au popote alikorudi. Gharama yake ni vocha. Kazi ngumu pekee itakuwa kuhakikisha wiki moja kabla ya matokeo kwamba namba zilizoko kwenye mafaili bado zinapatikana, kwa sababu wanafunzi wengi walijisajili na laini walizozibadilisha mwezi wa kwanza walipofika chuoni.